"Ana deni" au "hana deni"? Jibu kwa katibu aliyechoka kusahihishwa

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi nimezaliwa na kukulia bara, mbali na bahari, nikaolewa Tanga. Huu ni mwaka wa 6. Tuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Makorora, na mimi ndiye katibu. Mwezi uliopita niliandika taarifa ya marejesho kwenye kundi letu la simu, nikaandika kwamba mama mmoja 'ana deni' wakati nilitaka kusema hana. Alikasirika sana, akasema nimemwaibisha. Nimeomba radhi na yakaisha, lakini tangu siku hiyo kuna mjumbe mmoja, mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, kila nikiandika ananisahihisha mbele ya wote: r na l, h, ng'ombe, 'masaa', 'swala', mpaka mikato. Anasema sisi wa bara tunakiharibu Kiswahili chao. Wengine wanaweka vile vikatuni vya kucheka. Sasa naogopa kuandika, nafikiria kuacha ukatibu. Je, makosa haya ni makubwa kiasi hicho? Ni kweli mtu wa bara hawezi kuyaacha? Na mwanangu wa darasa la 4 naye anaandika kama mimi. Nimemwambukiza?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana ndiyo iliyonilisha miaka mingi ya uhariri. Kalamu haikupata kazi. Sijui kama uliiandika kwa woga ukairudia mara kumi, au ndivyo unavyoandika ukiwa huna mtu wa kukuchungulia begani. Vyovyote iwavyo, anayeweza kuandika barua ile hana sababu ya kuacha ukatibu kwa ajili ya herufi.

Unaniuliza kama makosa haya ni makubwa. Hayalingani, na shida ya mjumbe wenu ni kwamba anayapima yote kwa kibaba kimoja. Lipo kosa linalogeuza maana, lipo linalokera macho tu, na yapo mambo ambayo si makosa ingawa watu wanayakemea. Ulilolifanya wewe mwezi uliopita ni la aina ya kwanza, kwa hiyo nianze nalo.

Ile h ya mwanzo ndiyo inayokanusha katika Kiswahili. Lakini mara nyingi haifanyi kazi hiyo peke yake, na hapa ndipo wengi hawatazami. Ukiandika "ajalipa", msomaji ataona ile -ja- na kuelewa kuwa bado hajalipa. Atakunja uso, basi. Ukiandika "ajui", ile -i ya mwisho imeshakataa kwa niaba ya h. Ukiandika "awana" au "atuna", hakuna maneno ya namna hiyo, kwa hiyo msomaji atajua herufi imedondoka. Balaa liko pale ambapo h imeachwa peke yake mlangoni bila mlinzi mwingine. "Hana" na "ana". "Huna" na "una". "Hatalipa" na "atalipa". "Hutalipa" na "utalipa". Hapo ukiidondosha h, kinachobaki ni neno zima, safi, lenye maana ya kinyume, na hakuna msomaji atakayeshuku. Yule mama hakukuonea. Alisoma ulichoandika.

Kwa hapa Tanga ongeza jingine. Wenyeji bado wanatumia ule wakati wa -a- ambao bara umefifia. Mji wenyewe unasifiwa kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo", yaani unakuja leo na leo hiyo hiyo unaondoka. Sasa mtu mwenye sikio hilo ukimwandikia "Rehema akulipa", ukikusudia kuwa Rehema hakulipa, yeye anaweza kuisoma kuwa Rehema anakulipa wewe. Kwingine ingeonekana ni h iliyopotea. Hapa ni sentensi kamili.

Kwa nini h inapotea? Kwa sababu haina mwili. Herufi b inafunga midomo, t inagusisha ulimi, lakini h ni pumzi tu inayopita kooni. Hata wenyeji wakisema kwa haraka inayeyuka. Kama lugha uliyonyonya nayo haikuitegemea h kutofautisha maneno, sikio lako halikufundishwa kuisubiri, na mkono huandika kile sikio linachokipokea. Kisha mtu akishachekwa huanza kuiweka hata isikotakiwa. Nimewahi kusoma "hakili", "hasubuhi", hata "hanakuja" kwa mtu aliyekuwa anakuja kweli. Hofu ya kosa inazaa kosa la pili. Nalo la pili lina hasara zake: kusema mtu ana ila ni kusema ana kasoro, jambo la kibinadamu, lakini kusema ana hila ni kumwita mjanja wa kudanganya. Na "hana haya" ukiiandika "ana aya", umemfanya mtovu wa adabu awe amehifadhi Kurani.

Ya r na l ni ndugu yake. Tamka "la" polepole: ncha ya ulimi inagota nyuma ya meno ya juu na kutulia, hewa inapita pembeni. Tamka "ra": ncha inagusa karibu pale pale lakini haikai, inapigapiga. Ni jirani wa ukuta mmoja. Lugha nyingi za Kibantu hazikuona haja ya kuwatenganisha. Zina sauti moja inayoelea kati yao, na msemaji hasikii hasara yoyote. Mtoto mchanga huanza kuzipanga sauti za lugha ya nyumbani kabla hajasimama dede, na zile ambazo nyumbani hazitenganishwi anajifunza kutozitenganisha. Ukubwani unaweza kuzitenganisha tena, lakini kwa kukusudia. Halitakuja lenyewe kwa kuzomewa.

Na usidhani hili ni la wa bara tu. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Nikiwa mhariri kijana nilipewa nisome bango la uchaguzi wa chama kimoja cha ushirika. Nililisoma, nikatia sahihi, likachapishwa: "Sanduku la kula lipo mlango wa nyuma". Siku ya uchaguzi wazee wakawa wanaulizana pilau inapakuliwa saa ngapi. Ulimi wangu ulikuwa hauna tatizo na kura. Macho ndiyo yaliyoona nilichokitarajia badala ya kilichoandikwa.

Basi nimjibu kidogo mjumbe wenu, ingawa hakuniuliza.

Kiswahili sanifu, kile cha vitabu na mitihani, hakikuchukuliwa Tanga. Mwaka 1928 wawakilishi wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa kuchagua lahaja ya kuwa msingi wa maandishi ya Afrika Mashariki, ikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya kusanifisha tahajia na kukagua vitabu. Kimtang'ata cha huku kwetu na Kimrima cha kuelekea Bagamoyo vilibaki kuwa lugha za nyumbani, tamu, lakini si kipimo cha mtihani. Kabla ya hapo babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p wala v wala ng', na msomaji alijaza mwenyewe kwa akili yake. Kwa hiyo "tahajia sahihi" ni makubaliano ya juzi tu, na hakuna aliyezaliwa nayo. Nyumbani kwake huyo mjumbe, nina hakika anasema "nna", "keshalipa", "mwataka n'ni". Ukimfuata na kitabu cha darasani utamjazia daftari wino mwekundu, na utakuwa unamwonea, kwa sababu hayo si makosa. Ni lugha ya mazungumzo ya pwani, na ina kanuni zake.

Na hilo la wa bara kukiharibu Kiswahili linajibiwa hapa hapa mkoani. Shaaban Robert, yule mshairi mkubwa wa Kiswahili, alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, na wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, kule bara. Hakuna Mtanga anayemkana.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mengi anayokusahihisha ni ya kweli, hata kama namna yake ni mbaya.

"Suala" yuko sahihi kabisa. Suala ni jambo linalojadiliwa. Swala ni mnyama mwenye pembe, au ibada. Ukiandika "swala la mikopo" umepeleka kikundi mbugani. Kosa hili limeenea hadi kwa wasemaji wa redioni, na ndiyo maana linawakera watu wa kalamu kuliko ukubwa wake.

Ng'ombe pia. Kile kitone cha juu kinaitwa ritifaa, na wengi wanakidhani ni alama ya uandishi kama mkato, kitu cha hiari. Sivyo. Ni sehemu ya herufi. Ng ya "ngoma" ina g ndani yake. Ng' ya "ng'ombe" haina, sauti yote inatokea puani. Jaribu hili: fundi meno anang'oa, mwenye wivu analia ngoa. Ondoa ritifaa na jino limegeuka kijicho. Na kikae baada ya g, si kabla. "N'gombe" sijui anatamkwaje. Jina la Mtang'ata lenyewe linakihitaji, kwa hiyo hapa mjumbe wako analinda mpaka wa kwao.

"Masaa" ni kesi yenye pande mbili. Kwa kanuni, saa haibadiliki kwenye wingi: saa moja, saa tatu, na mhariri yeyote atakukatia ma- hiyo. Lakini watu hawakuibuni kwa ujinga. "Tulikaa saa mbili" inaweza kuwa ni muda wa kikao au ni wakati kilipoanza, na "masaa mawili" inaondoa utata huo. Mimi kwenye maandishi rasmi naandika "kwa muda wa saa mbili". Kwenye mazungumzo simsahihishi mtu, na ninayemsikia akimkatiza mwenzake kwa ajili ya "masaa" huwa namwona hana kazi.

Kuna mawili hukuyataja ambayo ningependa uyaangalie kuliko hayo, maana katibu hukutana nayo kila ukurasa.

La kwanza ni "wanachama ambao waliolipa". Hapo kazi moja imefanywa mara mbili. Urejeshi, yaani ile -o- inayomrudia mtajwa, unao njia mbili: ama unauchomeka ndani ya kitenzi, "waliolipa", ama unauweka nje, "ambao walilipa". Chagua moja. Ukiniuliza, ya kuchomeka ni fupi na ina mwendo mzuri zaidi: waliolipa, wanaolipa, watakaolipa, wasiolipa. Ila haiingii kwenye -me- na -ja-, na hapo amba- ndiyo inayokuokoa: "ambao wamelipa", "ambao hawajalipa".

La pili ni mkato. Watu wanaweka mkato pale wanapochoka kupumua, hasa kati ya mtu na kitendo chake: "Mweka hazina, amesema". Hapo hautakiwi. Kisha pale unapotakiwa wanauacha. Tazama: "Mwanaidi amelipa Rehema na Asha bado." Kitenzi "lipa" kinamchukua mtu moja kwa moja bila kihusishi, kwa hiyo jicho linasoma kwamba Mwanaidi amemlipa Rehema, tena labda na Asha, kisha linakwama kwenye "bado". Mkato mmoja baada ya "amelipa" na hesabu imekaa sawa. Kwenye kikundi cha fedha mkato ni sehemu ya hesabu.

Mengine niyapitie mbio. "Kwa hiyo", "kwa sababu" na "kwa nini" hutenganishwa. "Kwamba" na "isipokuwa" huunganishwa. Kitenzi hakikatwi vipande: "nime lipa" na "ana kuja" mara nyingi ni kazi ya simu inayodhani unaandika Kiingereza, izime hiyo huduma ya kusahihisha. "Katika mkutanoni" imebeba mahali mara mbili. Sema "katika mkutano" au "mkutanoni". Thamani ni bei au ubora, samani ni vitanda na makabati, na mafundi wetu hapa mjini wanauza samani za thamani. Ya "xaxa" na "2taonana" ni ya kirafiki. Mwachie mwanao, usiyaingize kwenye muhtasari wa kikao.

Sasa, ufanye nini na mjumbe? Naona njia tatu na hakuna iliyo kamili. Ya kumjibu palepale kundini itakufurahisha jioni moja; una hoja, umeshaziona hapo juu. Lakini yeye ni mtu mzima na wewe ni mke wa watu uliyekuja, na Tanga ina masikio. Utashinda mjadala, utabaki na kikundi kilichogawanyika. Ya kunyamaza umeshaijaribu na inakula moyo. Ya tatu ni kumwendea kwake, uketi ukumbini, umwambie: "Mama, unajua mengi, na mimi nataka kujifunza, lakini ukinisahihisha mbele ya wote nashindwa hata kusoma ulichoniandikia. Naomba uniandikie mimi peke yangu." Watu wengi wa aina yake hutaka kuheshimiwa kwa wanachokijua, na akipewa kiti hicho hushuka jukwaani mwenyewe. Sikuahidi kwamba wote. Kama ataendelea, hapo si suala la sarufi tena, ni la nidhamu ya kikundi, na mwenyekiti alishike.

Ila usimkabidhi taarifa za madeni azisome kabla hujazituma, hata kwa nia ya kusahihishiwa. Siri za wanachama si zako kuzigawa. Na kwa hilo hilo, nikuulize kwa upole: majina ya wadaiwa yanafanya nini kwenye kundi la wote? Hata h ingekuwepo, yupo ambaye angeaibika siku hiyo.

Kuhusu kujirekebisha, usihangaike na kila herufi kwa wakati mmoja. Mwezi huu shika h peke yake, tena zile nne tu: hana, huna, hata-, huta-. Ukimaliza kuandika, rudi ukazitafute kwa kidole, moja moja. Tamka kwa sauti ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo. "Hana" itakupulizia, "ana" haitakupulizia. Mwezi ujao ingia kwenye r na l kwa jozi: kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu. Jirekodi kwenye simu, usikilize kesho yake, usimwite mtu. Na uwe na kamusi karibu. Anayefungua kamusi mara tatu kwa neno moja hawi mjinga, mara ya nne halifungui tena.

Pia kuna ujanja wa wahariri ambao hatupendi kuukiri: neno linalokusumbua, likwepe. Badala ya "ana deni" na "hana deni", andika "anadaiwa" na "hadaiwi". Hata h ikidondoka usiku ukiwa umechoka, "adaiwi" bado inakataa kwa -i yake ya mwisho. Utachekwa, lakini hutamwaibisha mtu.

Katiba ya kikundi, mkataba wa mkopo na barua ya benki usizikamilishe peke yako, na hili silisemi kwa sababu umetoka bara. Mimi mwenyewe sitii sahihi nilichokiandika kabla hakijasomwa na jicho la pili. Zichukue mkononi hadi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Neno moja kwenye mkataba linaweza kuwafikisha mahakamani.

Mwanao hujamwambukiza ugonjwa. Anaandika anavyosikia, na anakusikia wewe kuliko mtu yeyote, kama ilivyo kwa kila mtoto. Akiwa anachanganya r na l na kuangusha h tu, huku anasoma vizuri na kuelewa hadithi, msomee kwa sauti jioni na umwachie wenzake wa mtaani wamalizie kazi. Lakini chunguza zaidi ya hapo. Kama anasoma kwa kukwamakwama kuliko wenzake, anaruka silabi, anageuza b kuwa d, ananakili ubaoni vibaya, au unamwita mara tatu ndipo ageuke, hilo haliwezi kujibiwa kwa maandishi. Nenda shuleni ukakae na mwalimu wake wa darasa, kisha mpeleke hospitali apimwe masikio na macho kabla ya mtu yeyote kumwita mvivu. Yakiwa mazima na shida ikabaki, uliza mwalimu wa elimu maalumu.

Na ile taarifa ya mwezi huu, iandike hivi, ubadilishe idadi tu: "Ndugu wanachama, marejesho yamepokelewa. Waliolipa ni 17. Wanaodaiwa ni 3, na kila mmoja nitamtumia kiasi chake peke yake. Kikao kitaanza saa 10 jioni."

Mjumbe wako ataisoma mara mbili akitafuta pa kushika.